Kuta za Zanzibar hazitaki sima

Wengi wetu tunajua Zanzibar kwa jina tu: ni kule Tippu Tip alizaliwa, mbele ya kuingia Maniema na misafara yake. Mwaka 2019 niliona muji ule kwa macho yangu. Nilitoka Likasi kwa basi, nikapita Kasumbalesa, nikafika Kapiri Mposhi na kupanda treni ya Tazara mpaka Dar es Salaam, kisha meli. Juu ya treni sisemi kitu. Mwenye kuipanda anajua, na asiyeipanda hatasadiki.

Niliondoka na neno moja kichwani. Nyumba ya marehemu baba, ya kambi ya zamani, ilikuwa inabanduka ukuta wa nje. Mudogo wangu alikwisha kununua mifuko kumi ya sima. Alitaka kupiga ukuta wote, tena kufunga barza ili afungue butiki. Aliniambia: «Yaya, ukirudia utakuta nyumba mupya.»

Sasa, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kitu cha kwanza nilichokuta ni barza! Wao wanasema baraza, na si veranda kama kwetu. Ni benchi la mawe lililoshikamana na ukuta wa nje, na wazee wanakaa pale jioni kunywa kahawa na kubishana mambo ya dunia. Njia ni nyembamba sana, watu wawili wenye mizigo hawapitani vizuri. Milango ni ya mbao nzito iliyochongwa maua na minyororo, mingine na misumari mikubwa ya shaba. Mutu wa Katanga akiona shaba anasimama, hata asipotaka.

Kwenye njia moja nilimkuta fundi muzee anapaka ukuta kitu cheupe kama uji.

«Shikamoo, muzee. Hamuna sima huku?»

«Marahaba. Simenti ipo, tele. Lakini ukuta huu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unapumua. Ukiubandika simenti, unauziba pua.»

Akanionyesha nyumba ya jirani. Mutu fulani aliipiga sima zamani. Ngozi ile ngumu ilikuwa imepasuka, na pale ilipoanguka ilivuta na mawe ya ndani. Alisema maji na chumvi ya bahari vinaingia kwa ufa, vinakosa pa kutokea, na ndani mule vinaozesha ncha za boriti, ile miti ya mikoko inayobeba sakafu. Inje nyumba inaonekana mupya, kumbe ndani inakufa. Chokaa, yeye, inataka uvumilivu: mawe yanachomwa, yanamwagiwa maji, kisha yanalala shimoni muda murefu mbele ya kutumiwa.

Kule mwenye nyumba habadili uso wa nyumba yake vile anavyotaka. Toka mwaka 1985 kuna Mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ilipata sheria yake na mupango mukubwa wa muji. Mwaka 2000 UNESCO iliandika muji huo katika urithi wa dunia. Mbele ya kugusa ukuta wa nje unaomba ruhusa. Kuongeza gorofa, kupanua dirisha, kung'oa mulango wa zamani ao kibaraza cha mbao, hayo yote yanapimwa kwanza. Nyumba nyingine hulindwa hata ndani yake. Nyingine ni zaidi ule uso unaotazama njia.

Mimi nilifurahi kusikia hayo, mpaka nilipopanda ngazi ya nyumba moja na kusalimia bibi anayekaa gorofa ya juu. Kisha Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, na katika nyumba ya tajiri mumoja ziliingia jamaa nyingi. Yeye aliingia akiwa mutoto. Bati lilikuwa linavuja, na beseni tatu zilipangwa sakafuni.

«Mwanangu, watalii wanapiga picha mlango wangu,» alisema, «na mimi mvua inaninyea kitandani. Chokaa ghali, boriti ghali. Wanaoupenda mlango wanilipie basi bati.»

Sikuwa na jibu. Kusema kweli, hata leo naona ana haki, na fundi naye ana haki. Nyumba ya Tippu Tip yenyewe ilikuwa hivyo: mulango wa ajabu, na nyuma yake watu waliokuwa wanaishi kwa shida katika kuta zilizochoka. Sheria inaweza kumukataza mutu asiharibu. Kumupa feza ya kutengeneza ni neno lingine.

Karibu na bahari niliona Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alijenga mwaka 1883. Lilikuwa limefungwa. Fundi alinipeleka mbali kidogo, akasema tusisimame chini yake. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Noeli, nikiwa nimekwisha kurudia Likasi, tulisikia kwa redio kwamba sehemu kubwa imeanguka wakati wa kazi ya matengenezo, na mafundi wawili wamekufa.

Mbele ya kuagana, nilimuuliza yule fundi juu ya nyumba ya baba. Alicheka.

«Mimi sijui ukuta wa kwenu. Bandua kidogo, uone kilichomo.»

Mudogo wangu alikuwa bado kuanza. Alikuwa anangoja muchanga. Tukachukua nyundo, tukabandua kipande pembeni ya dirisha. Matofali ya kuchoma, mazuri kabisa, lakini yaliunganishwa kwa udongo mutupu. Aliutia kidole, ukamwagika kama unga. Alinyamaza.

Mifuko sita tuliiuza, mine ikaingia kwa choo. Ukuta tuliupaka chokaa, na kila mwaka tunarudilia. Juu ya barza, tungali tunabishana.