Doa la Sato
Riwaya ya Rosa Mistika niliisoma nikingoja pantoni. Busisi ya miaka ya tisini ndivyo ilivyokuwa: ukifika, pantoni nayo ndiyo kwanza inang'oa nanga kwenda Kigongo, basi unatafuta kivuli na sato wa kukaanga. Kitabu nilikiazima kwa binamu yangu (bado ananidai), nikakivika gazeti ili mama asione jalada. Tulisikia kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kukisoma. Tone la mafuta likadondokea ukurasa ule Zakaria anamchapa binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana.

Lakini kilichonishika ni jina la kijiji chao, Namagondo, kisiwani Ukerewe. Kumbe riwaya inaweza kutokea huku kwetu ziwani! Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda: nikavuka, nikapanda meli Mwanza, saa tatu na ushee hadi Nansio, kisha baiskeli. Mama mmoja alikuwa akigeuza udaga juu ya jiwe.

"Shikamoo, mama. Naulizia kwa Zakaria, baba yake Rosa."

"Marahaba. Zakaria yupi?"

"Yule mlevi."

"Walevi tunao wengi, mwanangu. Taja ukoo."

Nilirudi nimenuna. Mwandishi mwenyewe, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1944, wakati huo hata sikumuulizia, nilimtaka Rosa. Yeye alifariki Januari 2020, baada ya miaka mingi ya kufundisha Botswana.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likazinduliwa, kilomita 3. Sitaki kujifanya naililia pantoni; nimeona wagonjwa wakisubirishwa usiku pale ng'ambo. Ila nilipovuka kwa gari na binti yangu wa kidato cha tatu, alikuwa hajamaliza hata ukurasa wa kwanza wa kitabu kilekile. Hakuna aliyetugongea kioo na beseni la samaki.

Ukerewe, kutoka Mwanza, bado tukapanda meli. Humo ndimo alimosoma, kitabu wazi, bila gazeti, mimi pembeni nikimchungulia kuona kafika wapi. Zamani nilimhesabu Zakaria kuwa mkatili tu. Siku hizi nikisikia simu ya binti yangu ikilia saa nne usiku, ninamwelewa kuliko ninavyopenda.

Visiwa vilianza kuonekana aliponigeuzia ukurasa.

"Baba, hili doa la nini?"

"Sato wa Busisi," nikamwambia.

Akalinusa.