Punda Aliyegoma Tseikuru

Kutoka Mwingi kwenda Tseikuru njia hupita Kyuso, na kadiri msafiri anavyosonga mbele ndivyo ukavu unavyozidi. Mito ya huko ni ya mchanga. Maji hukaa chini, nayo huchimbwa. Nyumba isiyo na punda huletewa maji kwa mgongo wa mama na wa binti, na asubuhi ya binti ikaishia njiani badala ya darasani. Sisi wa pwani punda tumemzoea katika vichochoro vya Lamu, amebeba mawe na mchanga. Tseikuru yeye ndiye bomba la maji.

Tulimkuta kijana amepanda punda, mitungi mitupu ubavuni, anateremka mtoni. Kwenye kivuko cha saruji palipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Punda akakita miguu, masikio mbele. Fimbo zikamshukia, naye hakusogea hata shubiri.

Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi akasogea. "Shuka, mjukuu wangu. Mwache atazame kwanza."

Akalegeza kamba, akasimama kando ya shingo, wala hakumvuta. Punda akainama, akanusa jiwe, akapumua kwa nguvu. Alipopiga hatua moja, mzee akaiachia kamba kabisa, akamkuna shingoni. Aliposita, mzee akangoja. Kisha punda mwingine aliyeijua njia akatangulizwa, na yule mwoga akamfuata. Mzee hakutosheka: alimrudisha akavuka tena na tena, hata kijana akampanda bila shida.

Farasi akiogopa hutimka. Punda aghalabu husimama akapima. Macho yake yako ubavuni, hivyo huona pande nyingi, lakini kilicho mbele ya pua yake hakioni vyema. Ndiyo maana huinamisha kichwa. Mpandaji anayekaza hatamu humnyima kutazama, na anayepiga humthibitishia kuwa pale pana madhara kweli.

Mwaka wa 6 wa Hijra, karibu na Hudaybiya, ngamia wa Mtume (s.a.w.), al-Qaswaa, alipiga magoti akakataa kwenda. Watu wakasema amekaidi. Mtume akamtetea: hiyo si desturi yake, bali amezuiliwa na Yule aliyemzuia ndovu. Na Bibi Aisha (r.a.) alipompanda ngamia mgumu, akawa anamrudisharudisha, Mtume alimhimiza upole. Haya tumeyasoma chuoni tangu utotoni, na bado twawaona punda wa Waislamu wenye vidonda vibichi migongoni.

Maana si kila kugoma ni woga. Mnyama aliyezoea njia, kisha ghafla akaikataa, akaguliwe kabla ya kulaumiwa: mgongo chini ya tandiko, mahali kamba ipitapo kifuani, kwato, na uzito wa mitungi. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji, na ukiwa mmoja zaidi upande mmoja, tandiko huchuna ngozi. Lamu, hospitali ya punda ipo tangu 1987.