Draiva ni bure, virusi ndivyo vyenye bei

Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema – Orodha ya jamaa waliokimbia vita mara nyingi hukaa ndani ya kompyuta moja kuukuu, inayotumia umeme wa jua. Siku kompyuta hiyo inapokataa kuitambua mashini ya kuchapia, karatasi haitoki. Mama aliyekimbia Salamabila na watoto wake anasubiri, na fundi anahimizwa afanye haraka.

Haraka hiyo ndiyo inayoponza. Fundi anaazima flashi iliyopita mikono mingi. Ndani yake mna programu ya wizi inayoahidi kusasisha draiva zote kwa mara moja. Maelekezo yake yanaanza hivi: zima kwanza kinga ya virusi. Lakini mgeni anayetaka mlinzi aondolewe kabla hajaingia, hakuja kwa wema.

La kusikitisha ni kwamba draiva yenyewe haiuzwi. Ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa: mashini ya kuchapia, sauti, Wi-Fi. Watengenezaji kama HP, Dell, Lenovo na Epson wanazitoa bure kwenye tovuti zao, na Windows Update inaleta nyingi yenyewe. Kinachouzwa, na ndicho kinachoibwa, ni programu za kutafutia draiva. Mtu anaingia kwenye wizi ili apate kitu cha bure.

Tena draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo. Ikiwa na ubaya, hakuna faili lililo salama. Kwa sababu hiyo Windows za biti 64, tangu Vista, zinadai draiva za aina hiyo ziwe na sahihi ya kidijitali. Anayeshauri ukaguzi huo uzimwe asisikilizwe.

Njia salama haina siri. Kwanza orodha inakiliwa kwenye flashi nyingine, inayohifadhiwa mbali na kompyuta. Majina yakipotea hayaandikwi upya kwa siku moja, maana wenyewe wametawanyika. Kisha fundi anaandika modeli ya kifaa na toleo la Windows. Mtandao ukiwa dhaifu, draiva inapakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji mahali penye mtandao mzuri, na kuletwa kwa flashi safi. Anaweka moja, anaijaribu, ndipo anaendelea na nyingine. Ikileta matatizo, Windows ina kitufe cha kurudisha ile ya zamani.

Asiye na leseni ya Windows naye ana njia halali: Ubuntu na Linux Mint ni za bure, na zinakuja na draiva nyingi ndani yake. Inafaa kuzijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, kabla ya kugusa diski.

Na kifaa kinachofanya kazi vizuri kiachwe kilivyo. Si kila draiva ya zamani ni mbovu.