Barua kwa mpwa wangu kuhusu kesi ya Zombe

Mbagala Kizuiani,
Dar es Salaam.

Mpwa wangu Zawadi,

Bibi yako anakuombea mitihani yako ya sheria iende vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umemaliza riwaya ya kesi ya mauaji katika mji mdogo, na swali moja limekukaa kichwani: mahakama ikimwachia mshtakiwa, basi nani aliua? Tarehe 17 Agosti 2009 swali hilo liliulizwa nchi nzima. Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Tarehe 14 Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, kule Ulanga, waliuawa kwa risasi pamoja na dereva wa teksi waliyoikodi hapa Dar. Polisi wakatangaza kuwa wote wanne ni majambazi waliokufa wakirushiana risasi na askari Sinza. Miaka ile ujambazi ulikuwa umetuchosha, na taarifa kama hiyo wengi waliipokea kwa furaha. Habari ingeishia hapo.

Waliokataa ni ndugu zao wa Mahenge. Wale walikuwa vijana wao, biashara yao waliijua, na walipiga kelele hadi Rais Jakaya Kikwete, ambaye hata miezi miwili Ikulu hakuwa ametimiza, akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ikaeleza kwamba marehemu hawakuwa majambazi, na hawakufia Sinza. Walipelekwa msitu wa Pande, wakauawa huko.

Mimi wakati huo nilikuwa naendesha teksi, na katika wale wanne aliyeniumiza zaidi ni dereva. Dereva hakagui mifuko ya abiria wala hamuulizi ametoka kufanya nini. Mnapatana nauli, anapanda, unawasha gari. Vijiweni tulilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu, kwa sababu kila mmoja wetu aliona kabisa kuwa angeweza kuwa yeye. Kisha, marehemu akiitwa jambazi, mjane wake anaitwaje? Watoto wake wanakwendaje shuleni?

Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, akashtakiwa Mahakama Kuu pamoja na askari wengine. Siku ya hukumu, ndiyo hiyo 17 Agosti 2009, Jaji Salum Massati akawaachia huru wote waliokuwa wamebaki kizimbani. Mbagala mwaka huo tulikuwa bado na majonzi ya mabomu ya ghala la jeshi yaliyolipuka 29 Aprili, na hukumu ile ikatuchoma juu ya kidonda. Watu walisema mengi mabaya kuhusu jaji.

Hapa ndipo nataka unisikilize, mwanangu. Jaji hakukana kwamba wale watu waliuawa. Alichosema ni kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa hao waliosimama mbele yake ndio wauaji. Askari aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi hakuwahi kufikishwa kizimbani. Na maneno ya mshtakiwa dhidi ya mshtakiwa mwenzake, wewe unalijua hili kuliko mimi, peke yake hayatoshi kumtia mtu hatiani. Adhabu ya kuua kwa kukusudia hapa kwetu ni kunyongwa, basi. Jaji mwenye shaka afanye nini?

Kosa mimi naliona mwanzoni kabisa, katika siku zile za kwanza, pale waliotakiwa kulinda ushahidi walipokuwa jeshi moja na waliotuhumiwa kuua. Kesi ya namna hiyo hufika kwa jaji ikiwa imeshajeruhiwa.

Serikali ilikata rufaa. Rufaa ya kwanza iliondolewa kwa sababu ya kasoro katika taarifa ya rufaa, ikabidi waanze upya. Fikiria mama aliyeko Mahenge anaelezwa kwamba damu ya mwanawe inasubiri karatasi iandikwe sawasawa! Ndiyo maana nakusisitizia masomo ya taratibu za mahakama, hayo unayoniambia yanakuchosha.

Tarehe 16 Septemba 2016, Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja, Mrakibu wa Polisi Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe na wengine wawili ikawaachia. Kwa hiyo Zombe ameshinda mahakama mbili, nawe ukimtaja useme hivyo, hata kama vijiweni watu wana maneno yao. Tangu risasi zile hadi hukumu hiyo ilipita miaka zaidi ya kumi. Na kwa kuwa Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, hata adhabu yenyewe hubaki kwenye karatasi.

Riwaya yako iliishia hukumu iliposomwa. Sheria unayoisomea haiishii hapo. Hukumu ya Mahakama ya Rufani inapatikana bure mtandaoni, kwenye tovuti ya TanzLII. Isome yote, ukurasa kwa ukurasa, kabla hujachagua kuwa wakili wa utetezi au wa serikali. Na siku utakapokabidhiwa jalada la mauaji, lolote lile, anza kwa kutafuta ndugu wa marehemu wanasema nini.

Wasalimie wenzako huko chuoni Mzumbe.

Mjomba wako.