Pakiti ya Plumpy na mbio za wanafunzi

Kila mama aliyepitia kambi za Kanyaruchinya, Bulengo ao Kigonze anaijua pakiti ile. Mtoto anapimwa mkono kwa utepe wenye rangi. Utepe ukionyesha nyekundu, maana yake mzunguko wa mkono haufiki milimita 115. Hapo mtoto ana utapiamlo mkali, na anaandikiwa Plumpy'Nut, ambayo wengi wanaiita Plumpy tu. Ni karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Pakiti moja ina gramu 92. Haiitaji maji wala moto. Mtoto anaila palepale mikononi mwa mama yake.

Wengi wanasema ni mali ya mashirika, na mali ya mashirika inaonekana kama kitu kisicho na mwenyewe. Lakini sehemu ya pesa zinazopiganisha njaa inatoka kwa watoto wengine.

Tangu mwaka 1997, shirika la Action contre la Faim, ambalo linafanya kazi hata hapa Kongo, linaandaa huko Ufaransa mbio za wanafunzi zinazoitwa Course contre la Faim, yaani mbio za kupinga njaa. Wengi wao wana miaka kati ya 11 na 15. Kwanza wanaelezwa darasani njaa inatoka wapi: vita, ukame, umaskini. Kisha kila mwanafunzi anapewa karatasi, anaenda kutafuta wadhamini: bibi yake, mjomba, jirani, mwenye duka la mkate. Kila mmoja anaandika kiasi atakachotoa. Siku ya mbio mwanafunzi anakimbia, ao anatembea, kadiri miguu inavyoweza. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Akimaliza, anarudi kwa wadhamini na hesabu yake mkononi kukusanya kile walichoahidi.

Tuseme mwanafunzi amepata wadhamini 10, kila mmoja anatoa euro 1 kwa kilomita. Akikimbia kilomita 5, analeta euro 50. Katoni moja ya Plumpy ina pakiti 150, na bei yake inazunguka dola 50, bila kuhesabu usafirishaji. Katoni hiyo inakaribia kutosha kumtunza mtoto mmoja kwa wiki 6 hadi 8, mpaka apone. Si kila euro inaenda kwenye Plumpy. Pesa nyingine zinaenda kwenye maji na vyoo. Lakini hesabu hiyo inaonyesha kwamba jasho la mtoto mmoja ni kitu kikubwa kwa mwenzake.

Ndiyo sababu pakiti inayouzwa sokoni inauma. Mama anayeiuza asitukanwe kabla ya kuulizwa. Mara nyingi ana watoto watano nyumbani, na mmoja tu ndiye aliyeandikiwa. Anauza pakiti mbili apate unga wa bugali kwa wote. Hata hivyo, mtoto akikosa pakiti zake, bwaki inarudi, na mara hii inaweza kumwua. Wa kulaumiwa zaidi ni mtu mzima mwenye nguvu zake anayenunua kwa wingi ili aziuze tena.

Tena siku hizi njia zimekuwa ngumu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Mwaka huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura Kongo, ilikata sehemu kubwa ya misaada yake.

Je, wanafunzi wa huku wanaweza kufanya kitu? Wengine watacheka: mtoto anayepanda mlima kila asubuhi na bidoni ya lita 20 haitaji kufundishwa mbio. Ni kweli. Lakini shule nyingi zina kiwanja, na mdhamini anaweza kuahidi franka 100 kwa kila mzunguko, ao kipande cha sabuni, ao kikombe cha maharagi. Darasa moja linaweza kumpatia mtoto wa familia iliyokimbia vita shati jeupe, suruali ya bluu na madaftari, arudi shuleni.

Masharti ni mawili. Pesa zihesabiwe mbele ya wanafunzi na komite ya wazazi, na jumla iandikwe ubaoni. Pili, mtoto anayesaidiwa asisimamishwe mbele ya watu na kupigwa picha. Naye ni mwanafunzi kama wao, na ataketi nao kwenye benchi moja mwaka mzima.

Na mzazi akiona mtoto wake amekonda, miguu imevimba ao nywele zimebadilika rangi, asingoje. Ampeleke kwa reko wa mtaa ao kwenye kituo cha afya. Plumpy inatolewa bure. Kuna mtu alishailipia.