Ngumbaru si Tusi

Ukitaka kumdharau mtu huku mtaani bila kumtaja mamake, mwambie alisoma ngumbaru. Watu watacheka. Akikosea kuandika jina lake kwa fomu, ngumbaru. Akiuliza bei mara mbili, ngumbaru. Tumekua tukilisikia hilo neno kama mzaha, na wengi wetu hatujawahi kukaa hata dakika kumi kwa darasa lenyewe. Mimi nimekaa. Na maoni yangu ni haya, mnipinge mkitaka: watu wa ngumbaru wanajua kilichowapeleka darasani kuliko sisi tulivyojua kilichotupeleka kampasi.

Wale wananifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani, ndio hiyo. Lakini kwa hizo semista zote nilizosoma, hakuna siku mtu aliniuliza, wewe unataka kujua nini ndio ufanye nini? Nilipewa orodha ya masomo, nikapewa ratiba, nikaambiwa nikae. Kuedit video nilijifunza kwa simu iliyopasuka kioo, usiku, juu mteja alitaka kazi yake Ijumaa. Nilishika haraka kwa sababu nilikuwa na haja nayo. Mtu mzima akienda kusoma yuko hivyo hivyo. Anaingia darasani na shida yake mkononi.

Mwaka jana nilienda kurekodi video fupi kwa darasa la watu wazima ambalo hukutana Jumamosi kwa ukumbi wa kanisa, huku Eastlands. Mwalimu alikuwa peke yake na watu wengi, akaniomba nikae na wale wa nyuma. Ile video hadi leo haijatoka. Nimekuwa tu nikirudi.

Huyo mwalimu ana swali moja kwa kila mgeni. Haanzi na a, e, i, o, u. Anauliza, "Wiki hii, ni kitu gani ulishindwa kufanya kwa sababu ya kusoma?" Halafu ananyamaza hadi ajibiwe. Sikilizeni majibu.

Mama mboga mmoja alisema anataka kujua meseji ya M-Pesa ya ukweli na ya uongo. Kuna kijana alimuonyesha meseji imetumwa kwa simu yake, akabeba mboga na nyanya na akarudishiwa "chenji" juu yake. Somo lake la kwanza halikuwa alfabeti. Lilikuwa hivi: meseji ya kweli huingia chini ya jina MPESA, hiyo ya mkora huingia chini ya namba ya kawaida ya simu. Halafu angalia salio, limeongezeka ama halijaongezeka? Herufi tano na hesabu ya kujumlisha. Wiki hiyo hiyo akaanza kuzitumia kazini.

Soja wa geti alisema anataka kuandika kwa kitabu cha wageni. Jina, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Miaka yote amekuwa akiomba mgeni ajiandikie mwenyewe, na mgeni anaandika anachotaka. Siku kitu kikiibiwa, wa kwanza kuulizwa ni soja.

Mwenye nduthi alikuja na karatasi za mkopo wa pikipiki, Kiingereza kitupu, alizokuwa ametia sahihi tayari. Tulikaa na yeye tukapiga hesabu kwa ubao. Deposit 20,000. Kila siku 400, kwa siku 540. Hiyo ni 216,000, ukiongeza deposit ni 236,000. Na hiyo pikipiki alikuwa ameambiwa bei ya keshi ni 170,000. Akaangalia ubao kitambo. Akasema, "Kwa hivyo 66,000 ni ya kutojua." Mwalimu akamwambia hapana, mkopo lazima uwe na gharama yake, hata msomi angelipa. Lakini msomi angejua anailipa, na angeuliza kwingine kwanza.

Halafu kuna mama ambaye binti yake anafanya kazi ya nyumba Saudia. Huyo binti hapigi simu, anaandika, usiku, watu wa hiyo nyumba wakilala. Mama akipata meseji alikuwa anaipeleka kwa jirani asomewe. Kwa hiyo ploti nzima ilijua mshahara umeingia ama haujaingia, binti ni mgonjwa ama amepona. Siku moja meseji ilikuja ndefu, ile ya kusukuma skrini na kidole. Jirani akaisoma kimoyomoyo, akarudisha simu, akasema, "Anasema yuko sawa." Maneno matatu. Huyo mama hajui kusoma lakini anajua urefu. Jumamosi iliyofuata alikuwa darasani kabla mlango haujafunguliwa.

Najua kuna mtu ashaanza kusema, si kuna voice note? Si siku hizi simu inaweza kukusomea? Sawa. Weka voice note ya mtoto wako kwa nyumba ya mabati, saa mbili usiku, jirani akiwa nyuma ya ukuta, uone kama hiyo ni siri. Na karatasi ya mkopo haina spika. Teknolojia inasaidia, siikatai, kazi yangu ni hiyo. Lakini mtu anayesomewa kila kitu ako chini ya anayemsomea, iwe ni jirani ama ni simu.

Na hili si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa kusoma na kuandika uliotolewa 2007 ulisema asilimia 38.5 ya watu wazima Kenya hawakuwa wanajua kusoma na kuandika. Huo ndio mwaka M-Pesa ilianza. Yaani tulihamisha pesa ya nchi kuingia kwa meseji wakati zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu hangeweza kuzisoma. Wakajipanga hivyo hivyo. Wakajifunza sura ya namba, wakakariri ni kitufe gani kinafuata kipi. Ukiniuliza, hiyo ni akili kubwa, na hakuna cheti chake.

Si ati njia haijulikani. Tanzania, kuanzia 1968 huko Mwanza, walikuwa na mradi wa kisomo na UNESCO ambapo vitabu vya kwanza vilihusu kazi za watu wenyewe: pamba kwa wakulima wa pamba, uvuvi kwa wavuvi. Paulo Freire kule Brazil, 1963, mji wa Angicos, alifundisha wafanyakazi karibu 300 akianza na maneno ya maisha yao, na wakaanza kusoma kwa masaa kama 40. Masaa 40 ni Jumamosi kama 13 za masaa matatu. Series tunazomaliza tukiwa tumelala zinazidi hapo.

Lakini hapa ndio nataka tuwe makini. Kuna watu wa semina wakisikia hii story wanarukia kusema basi, maskini afundishwe vitu vya "muhimu" tu: bei, dawa, fomu. Hapana. Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84, hakuwa anatafuta kazi. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka uliotangulia, naye akasema imemhusu pia. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, aone kama anayohubiriwa yako ndani kweli. Hiyo si shida ya pesa. Ni mtu anataka kuhakikisha.

Hata kwa darasa letu. Yule soja, baada ya kumaliza mambo ya geti, alileta gazeti la wiki iliyopita lililofungiwa nyama na kuuliza ukurasa wa michezo unasema nini kuhusu Gor. Mama mboga sasa anataka kitabu cha nyimbo, kwa sababu kwa kwaya amekuwa akiimba beti ya kwanza tu na kwa zingine anafungua mdomo bila sauti. Kuna shosho mwingine anataka kuandika jina lake, basi, hana haja na kitu kingine. Amechoka kupakwa wino kidoleni kwa ofisi mbele ya watoto. Hakuna mtu angekaa kwa ofisi Nairobi na kuandika hiyo orodha. Lazima uende uulize, na uulize tena baada ya miezi mitatu, juu jibu hubadilika.

Na ukiuliza, uliza pia saa. Darasa moja nililosikia lilikuwa linafanywa saa kumi jioni, siku za wiki. Hiyo ndio saa mama mboga anauza zaidi na mtu wa nduthi anabeba watu wa kutoka kazi. Halafu ripoti inasema watu wazima hawana hamu ya kusoma. Hamu wako nayo. Saa hizo wanatafuta unga.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa kwa mathree. Najua kwenu kuna mtu. Ni babako anayesema amesahau miwani kila fomu ikija. Ni shosh anayekupa simu na kusema "hebu niangalizie." Usimsomee tu umrudishie. Kaa chini, muulize angependa kujisomea nini. Anza na hicho, hata kama ni matokeo ya mpira. Ingia kwa menyu ya M-Pesa ubadilishe lugha iwe Kiswahili kama ndicho anachokielewa. Na usicheke, tafadhali. Mtu mzima akichekwa mara moja, harudi.

Yule mama wa Saudia bado anakuja. Anasoma polepole, kidole chini ya neno, midomo ikitembea. Wiki mbili zimepita tangu nimuone akipata meseji katikati ya darasa. Zamani angeninyoshea simu. Safari hii aliigeuza nisione, akaenda kusimama dirishani, akakaa na hiyo meseji kama dakika kumi. Aliporudi mwalimu akamuuliza kama kuna tatizo.

"Ni mambo yangu na mtoto wangu," akasema, akafungua daftari.