Cha Juu

Wapo waandishi wanaosimulia kwamba kalamu yao ya kwanza walipewa na babu. Hadithi yangu ya kwanza kuchapwa kwa mashine ililipiwa na bolti nne, na hizo bolti hazikuwa zangu. Zilikuwa za mjomba.

Ilikuwa Septemba 2016, Arusha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nakula na kulala kwa mjomba. Yeye alikuwa na Land Rover Defender kuukuu ya kupeleka wageni porini, na mimi ndiye niliyekuwa utingo wake. Naosha gari, nachemsha chai, napanda juu kufunga mizigo kwenye keria. Usiku, wenzangu wakienda kuangalia mpira, mimi nimejifungia na daftari. Nilikuwa na hadithi moja ya kurasa kumi na sita ambayo niliamini kabisa ingenitoa. Tatizo lilikuwa mama wa stesheni, aliyetaka shilingi 500 kwa kila ukurasa. Piga hesabu mwenyewe: elfu nane. Sikuwa na hata jero.

Wiki hiyohiyo mjomba akanunua jeki ndefu, ile ya kunyanyulia gari likizama kwenye tope. Ni dude la chuma la kilo kama 13, refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Ndani ya gari haiingii bila kuwaumiza abiria magoti, kwa hiyo akaamua ikae juu, ubavuni mwa keria. Fundi akatengeneza mabano mawili. Kila bano lilikuwa vipande viwili vya chuma vinavyoumana kwenye bomba la keria, na kila moja lilitaka bolti mbili.

“Kwa nini tusitoboe bomba tu, mjomba?” nikamuuliza.

“Ukitoboa umelidhoofisha, na umeyafungulia maji mlango. Litaoza kuanzia ndani, wewe huku nje unaona rangi inang'aa.”

Jioni akanikalisha kwenye ngazi ya nyuma ya gari, akaanza kunipa somo. Wakati ule nililiona refu kama hotuba ya mgeni rasmi. Leo naweza kulirudia lote.

Alisema usihesabu uzito wa mzigo ukiwa umesimama, uhesabu ukiwa unaruka. Jeki ya kilo 13 uani ni kilo 13, lakini gari likitumbukia shimoni, bolti inaonja zaidi ya hapo. Halafu soma kichwa cha bolti. Bolti ya maana imeandikwa namba, na yeye alitaka 8.8. Ile nane ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, ni nguvu ya kuikata, yaani niutoni 800 kwa kila milimita mraba. Nane ya pili inakwambia kwamba ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo inaanza kunyooka na hairudi tena. Bolti yenye kichwa kitupu, alisema, ni kama mtu asiyetaka kutaja kwao. Huenda ni mwema, lakini usimkabidhi mtoto.

Nikamwambia nimeona zile za stenlesi, zinapendeza. Akacheka. Zina kazi yake, hasa kwa watu wa Tanga na Dar wenye chumvi ya bahari. Hao watafute zilizoandikwa A4, maana zinastahimili chumvi kuliko A2. Lakini ukikaza stenlesi kwa stenlesi bila grisi, nyuzi zinaweza kung'ang'aniana mpaka ukate kwa msumeno. Na bodi ya Defender ni ya alumini. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini inaliwa taratibu na kuacha unga mweupe. Ndiyo maana palipokaribia bodi alitanguliza kipande cha mpira.

Mwisho akaja kwenye nati. Alitaka zile zenye plastiki ndani, ambazo hazifunguki kwa kutikiswa, na ziwe mpya, kwa sababu ikishafunguliwa mara kadhaa ile plastiki hupoteza mshiko. Bolti ikishakazwa, nyuzi mbili tatu zichungulie nje ya nati. Washa ziwe pana. Akaandika yote kwenye kipande cha boksi la majani ya chai, akanipa elfu kumi na tano.

Dukani, karibu na Soko Kuu, muuzaji akaniwekea mafungu mawili mezani. Fungu la kwanza, la 8.8 na nati za plastiki pamoja na washa na mpira, lilimaliza karibu hela yote. La pili lilikuwa la bolti zenye vichwa vitupu na nati za kawaida, zinang'aa kwa zinki kama zimetoka benki. Unene uleule, spana ileile ya namba 13. Pamoja na washa na mpira, elfu saba.

Sikufikiri kwa muda mrefu. Nikala cha juu elfu nane. Nilipoulizwa risiti nikasema mashine yao imeharibika. Jioni hiyo hadithi yangu ilikuwa kwa mama wa stesheni.

Siku mbili baadaye tulikuwa njiani kwenda Ziwa Natron na wageni wawili. Ukitoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka, barabara ya wakati ule ilikuwa rafu rodi tupu, imejikunja kama bati la migongo. Gari halirushwi sana, linatetemeka tu, saa nzima, mpaka meno yanawasha. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, ambaye mwaka 1969 alionyesha kwamba kinacholegeza nati hasa ni mtikisiko wa ubavuni, pale vipande viwili vilivyobanwa vinapoanza kuteleza kidogo kidogo, huku na huku. Nati inajifungua yenyewe, bila spana. Niliposoma hayo nikaiona ile barabara.

Kabla ya Engaruka vijana wachungaji walitoka vichakani na mbuzi wao, wakawa wanakimbia pembeni yetu wakipunga mikono. Mgeni mmoja alikuwa anawapungia. Nikasikia mkwaruzo juu ya kichwa changu, kisha mlio kama wa kengele. Bano la mbele lilikuwa limeachia. Jeki ikaning'inia kwa bano la nyuma, ikazunguka, na bolti ya nyuma ikakatika.

Ilimwangukia mbuzi. Aliyekuwa mbele ya mbuzi huyo, hatua tatu hivi, alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, shuka lake limejaa vumbi. Aligeuka akamtazama mbuzi, halafu akanitazama mimi. Hakulia. Mimi ndiye niliyekaa chini.

Mjomba aliwaomba radhi wazee kwa heshima zote, akalipa mbuzi bila kubishana bei, tena kwa hela ya mafuta. Akawaambia wageni kwamba barabara ni mbaya. Kwangu hakusema kitu. Jeki tuliilaza ndani ya gari, na abiria wakaumia magoti mpaka Natron.

Usiku kambini nilitamani aniulize. Hakuniuliza. Niliporudi Arusha nikachukua kurasa zangu kumi na sita, safi, zimenyooka, jina langu juu kabisa. Sikuweza kuzisoma. Kila nikifika ukurasa wa pili namwona yule mtoto anageuka.

Ilinichukua miezi minne. Nilibeba matofali kwenye ujenzi mmoja, nikanunua bolti nne za 8.8 na nati zake, nikampelekea mjomba uani.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba.”

Nikaziweka kwenye kiganja chake, nikamweleza kila kitu, mpaka mama wa stesheni. Alizigeuza moja moja, akisoma vichwa.

“Nilijua siku ileile,” akasema. “Bolti iliyobaki ilikuwa mfukoni mwangu.”

“Sasa mbona hukunichapa hata kibao?”

Akakaa kimya kidogo. “Kwa sababu dereva nilikuwa mimi. Kichwa cha bolti kiko nje, kila mtu anakiona. Nilizunguka gari asubuhi ile, sikupanda kukisoma. Wewe uliiba, mjomba, na mimi sikutazama. Yule mtoto angekufa kwa wote wawili.”

Hakunipa nafasi ya kujibu. Alinituma kwa shangazi nikaombe rangi ya kucha. Tulifunga mabano upya, tukakaza, kisha akachora mstari mmoja mwekundu kutoka kwenye nati kuvuka ncha ya bolti hadi kwenye bano. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, na jicho linaona bila spana. Akasema tutautazama baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu kila asubuhi.

Ile hadithi sikuitoa kokote. Ipo kwenye bahasha, na wala si mbaya sana. Ninachoandika sasa nakichapa kwa hela yangu. Nikiwa safarini na mjomba, kabla wageni hawajaamka, napanda ngazi ya nyuma na tochi, nafuta vumbi kwa kidole gumba, naitazama mistari minne. Yeye anasimama chini na kikombe cha chai.

“Vipi?”

“Ipo sawa, mjomba.”

Halafu ananiomba nishuke, anapanda na yeye kutazama.